Mahindi Yaliyovunwa kwa Woga
Somo la vikundi: ujirani na afya



Somo hili ni la kikao kimoja, au viwili mkipenda kujadiliana sana. Anayeongoza alisome kwanza peke yake nyumbani, halafu awasomee wengine polepole na kusimama penye maswali. Wale wasiojua kusoma wasiachwe nyuma, maana mambo mengi ya somo hili wao wanayajua kuliko sisi tunaoandika. Mkiwa na chupa kavu ya glasi na chumvi kidogo, wekeni kando. Tutazihitaji mwishoni.

Tuanze na swali. Ni nini kinachomfanya mtu awe na afya? Ukiuliza hivyo katika baraza lolote huku kwetu, iwe Mutomo, Ikanga au Mutha, utajibiwa haraka: maji safi, chakula, choo, neti ya mbu, dawa, hospitali iliyo karibu. Majibu hayo yote ni ya kweli. Lakini kuna jibu moja ambalo watu husahau kulitaja, nalo ni jinsi majirani wanavyoishi. Je, wanaaminiana au wanaogopana? Je, mmoja akikosa, mwingine anajua? Wengine watasema hayo ni mambo ya tabia njema tu, si ya afya. Basi hebu tukumbuke yaliyotupata wenyewe mwaka 2004.

MWAKA WA MACHO YA MANJANO

Kuanzia Januari 2004 wagonjwa wa namna moja walianza kuonekana Makueni na Kitui. Macho yamekuwa ya manjano, tumbo limevimba, mtu anatapika na hana nguvu. Mtu akiona macho ya manjano huwaza homa ya manjano, au malaria iliyozidi, na wengine huwaza uchawi. Kumbe shida ilikuwa ndani ya sufuria. Hadi tarehe 20 Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na kati yao 125 walikuwa wamekufa. Yaani katika kila watu watano waliougua, karibu wawili hawakupona. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, na wachache wa Machakos na Thika.

Kilichowaua ni aflatoksini, ile sumu ya ukungu ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Ukungu huo huota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zikiwa na unyevu na joto. Sumu yake huliharibu ini. Haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji, na kupika hakuiondoi. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza sumu, maana nyingi hukaa kwenye maganda na viini, lakini haimaliziki. Na aliye na ugonjwa wa ini wa hepataitisi B huumia zaidi kuliko wengine. Ndiyo maana chanjo ya watoto ni ya maana hata kwa jambo hili.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, watu 20 walilazwa hospitalini kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa. Kwa hiyo ukungu ulikuwa unajulikana. Hata wazee wetu waliokuwa wakiweka nafaka katika ikumbi, ghala lililoinuliwa juu ya ardhi na kupitisha hewa, walijua kwamba nafaka isiyokauka ni hatari. Sasa mbona mwaka 2004 watu wengi hivyo waliweka mahindi yasiyokauka ndani ya nyumba?

Hapa ndipo penye somo. Wachunguzi waliofika, wa Serikali na wa kutoka nje, walieleza hivi. Kulikuwa na ukame na mavuno yalikuwa haba. Watu wenye njaa walikuwa wengi, na wenye shamba waliogopa mahindi yao kuibwa. Kwa sababu ya woga huo baadhi yao walivuna mapema, kabla mahindi hayajakauka shambani. Tena kwa sababu ya woga huo huo hawakuyaweka katika ghala la nje. Waliyaingiza ndani ya nyumba wanamolala, ambamo mna joto na hewa haipiti. Kwa ukungu, hapo ni kama kitanda kilichotandikwa.

Tuseme ilikuwa hivi katika utui mmoja. (Hii ni hadithi ya kufundishia tu, lakini mtaona kama inafanana na mnayoyajua.) Jirani anapita njiani asubuhi, anamkuta mama mwenye umri akivuna.

– Mwaitu, mbona unavuna na mahindi hayajakauka?

– Nifanyeje, mwanangu? Juzi usiku pale ng'ambo ya mto wamebeba mistari miwili mizima. Nikiyaacha wiki mbili nitavuna mabua.

– Na utayaanika wapi?

– Nikianika uani ni kama kupiga mbiu niibiwe. Nitayaweka chini ya kitanda. Hapo angalau nikisikia mkwaruzo naamka.

– Mwaitu, si ungeniambia? Vijana wangu wangelala huku zamu.

– Ningekuambiaje, na simjui mwizi ni nani?

Msomaji asimame hapa. Kabla ya kuendelea, kikundi kijibu: katika mazungumzo haya, shida ilianzia wapi?

Wengine watasema mwizi, wengine ukame. Angalieni vizuri maneno ya mwisho ya yule mama. Amezungukwa na majirani, lakini hajui ni yupi wa kumwambia shida yake. Anamshuku kila mtu, na pengine hata huyu anayezungumza naye. Na yule aliyeiba, kama ni mtu wa hapo hapo, naye ana hadithi yake. Aliona sufuria yake tupu kwa siku ngapi, na ni nyumba ngapi angeweza kubisha hodi aombe gorogoro moja bila kusemwa vibaya?

Daktari akiangalia ini la mgonjwa anaona aflatoksini, na ni kweli. Ukirudi nyuma hatua moja unaona ukungu. Hatua nyingine, unyevu. Hatua nyingine, mahindi yaliyovunwa mapema. Nyuma yake kuna woga, na nyuma ya woga unawakuta majirani wawili, mmoja ana njaa na mwingine ana shamba, wasioweza kuzungumza. Dawa ya hospitali inaingia hatua ya mwisho tu. Zile hatua za mwanzo hazina daktari. Ni zetu sisi.

Wala sumu haikubaki kwa aliyevuna. Mnajua jinsi mahindi yetu yanavyotembea: mtu anavuna, anauza debe mbili sokoni apate ada ya shule, na baada ya miezi miwili anarudi soko lile lile kununua. Mwaka 2004 wachunguzi walichukua mahindi na unga kutoka masoko 65 ya wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Zaidi ya nusu ya vipimo, asilimia 55, vilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati ule, yaani sehemu 20 za sumu katika kila sehemu bilioni moja. Vipimo saba katika kila 100 vilipita hata sehemu 1,000. Kwa hiyo mama aliyeanika mahindi yake vizuri, akayalinda na kuyamaliza, aliweza kununua kifo kilichotoka katika nyumba ya mtu asiyemjua. Mtu hawezi kufunga mlango wake akasema afya yangu ni yangu.

Sitaki kueleweka vibaya. Simlaumu yule mama. Mtu aliye na watoto na mistari sita ya mahindi hawezi kuambiwa "waamini majirani" kama vile imani ni kitu cha kununua dukani. Njaa ilikuwa ya kweli, na wizi ulikuwa wa kweli. Ninachosema ni kwamba kukauka kwa mahindi kulitegemea ulinzi, ulinzi ulitegemea watu wa utui, na hao watu walikuwa wameachana mkono.

JE, NI SISI TU?

Kuna watu wamechunguza jambo hili mbali na hapa. Huko Marekani, katika wilaya ya Alameda, jimbo la California, watu wazima karibu 7,000 waliulizwa maswali mwaka 1965. Umeoa au kuolewa? Una marafiki na jamaa unaoonana nao? Uko katika kanisa? Uko katika kikundi chochote? Baadaye wakafuatiliwa kwa miaka tisa kuona nani amekufa na nani yu hai. Wanaume waliokuwa na uhusiano mdogo kabisa na wengine walikufa mara 2.3 zaidi ya waliokuwa na uhusiano mwingi. Kwa wanawake ilikuwa mara 2.8. Watafiti walipoangalia pia uvutaji wa sigara, pombe na unene, tofauti bado ilibaki. Mwaka 2010 watafiti wengine walikusanya chunguzi 148 za namna hiyo kutoka nchi mbalimbali, na jibu likawa lile lile: mtu aliye na watu huishi zaidi ya mtu mpweke.

Kwa nini? Sababu nyingine ni za wazi. Aliye na watu hukumbushwa dawa, husindikizwa hospitali, huazimwa nauli. Nyingine ziko mwilini: mtu anayeishi kwa hofu na upweke mwaka baada ya mwaka, presha yake hupanda na mwili wake huchakaa. Huhitaji mashine kuliona hilo. Mwangalie mzee aliyeachwa peke yake bomani baada ya watoto wote kwenda Mombasa na Nairobi.

Uchunguzi ambao sisi wa vikundi tunapaswa kuujua zaidi ni mwingine, na matokeo yake yalitangazwa mwaka ule ule wa 2004. Huko Makwanpur, sehemu ya milima katika nchi ya Nepal, wanawake wa vijijini walikutana kila mwezi na mwezeshaji ambaye ni mama wa pale pale, si muuguzi. Hawakupewa dawa wala hotuba. Waliangalia picha, wakasimulia watoto waliowapoteza, wakauliza kwa nini, halafu wakaamua wenyewe la kufanya. Vikundi vingine vilianzisha mfuko wa dharura, vingine vikatengeneza machela ya kumbebea mama mzazi hadi barabarani. Mahali palipokuwa na vikundi hivyo, vifo vya watoto wachanga vilikuwa pungufu kwa asilimia 30 kuliko mahali pasipokuwa navyo.

Baadaye jambo hilo lilijaribiwa India, Bangladesh na hapa karibu Malawi. Mwaka 2013 watafiti waliweka pamoja majaribio saba ya nchi hizo nne. Na hapa nataka msikilize kwa makini. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali. Pale ambapo angalau wajawazito watatu katika kila kumi walihudhuria kikundi, vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa theluthi moja, na vya mama wazazi kwa karibu nusu. Pale walipohudhuria wachache, faida haikuonekana hivyo. Mwaka uliofuata, 2014, Shirika la Afya Duniani likapendekeza vikundi vya namna hiyo kwa vijiji vilivyo mbali na huduma.

Maana yake nini kwetu? Kikundi cha watu kumi na wawili wanaopendana sana, ambao ni marafiki tangu shule, kinaweza kuwasaidia hao kumi na wawili. Kijiji hakitapona kwa sababu yao. Kinachopunguza misiba ya kijiji ni idadi ya wale waliokuwa nje ambao wameingia.

UMOJA UNAOUMIZA

Tukiongea juu ya umoja watu hupiga makofi, na mimi huingiwa na wasiwasi kidogo. Nimekaa katika vikundi vingi vya kujisaidia huku, na nimeona umoja wa namna mbili unaoumiza.

Wa kwanza ni umoja wa kufunga mlango. Kikundi kinaanza vizuri, mchango ni shilingi 50. Baada ya mwaka inakuwa 200, kwa sababu wenye biashara wanataka mzunguko uwe mkubwa. Mjane mmoja anachelewa, anapigwa faini. Anachelewa tena, faini inaongezeka. Mwezi wa tatu haji. Hakuna aliyemfukuza; yeye mwenyewe ameona haya. Kikundi kinabaki na umoja mzuri kabisa, na yule aliyekihitaji zaidi yuko nje, analala njaa, na hakuna mtu wa kujua. Kikundi kimoja nilichokuwa mwanachama kilifanya hivyo hivyo kwa mama aliyekuwa anaugua kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa katibu niliyeandika hizo faini. Tulipokwenda kumwona ilikuwa ni kwa matanga.

Wa pili ni umoja wa kunyamaza. Fulani anauza mahindi yaliyooza, anayachanganya na mazuri, na soko zima linajua. Lakini ni mtu wa ukoo wetu, au ndiye hutukopesha, au mke wake ni mweka hazina wetu. Basi tunanyamaza ili tusiharibu ujirani. Ujirani wa namna hiyo umeharibika tayari. Penye kuaminiana kweli, mtu anaweza kuambiwa, "Ndugu, hili gunia lisiuzwe, wala lisilishwe kuku, tulitupe pamoja, nasi tutakuchangia mbegu." Angalieni sehemu ya mwisho ya maneno hayo. Ukimwambia mtu atupe gunia lake la pekee na wewe hutoi chochote, humwombi ujirani, unamwomba afe njaa kwa heshima.

Mwaka 2004 Serikali ilipoleta chakula cha kubadilisha katika sehemu zilizoathirika zaidi, ilikuwa imefahamu jambo hilo hilo. Tangazo la kusema "msile" halitoshi kwa mtu asiye na kingine cha kula.

SERIKALI NAYO INAINGIAJE?

Wengine husema ujirani ni mambo yetu, Serikali ikae mbali. Wengine husema afya ni kazi ya Serikali, sisi tungoje. Wote wamekosea, na historia ya Ukambani yenyewe inaonyesha.

Katika wilaya ya Machakos baada ya vita vya 1939–1945, serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Machifu walitoa amri, watu wakachimba kwa chuki. Katika miaka ya 1950 maafisa walibadilisha njia wakatumia mwethya, ule ushirikiano wetu wa zamani wa kualikana shambani, na watu wakachagua viongozi wao wenyewe, wengi wao wanawake. Kazi ikaenda mbele. Baada ya uhuru ilizorota kwa muda, kisha vikundi vikaamka tena. Kitabu kilichotolewa mwaka 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na badala ya ardhi kufa, mmomonyoko ulipungua. Jembe la kuchimbia lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kama watu wameamrishwa au wameaminiwa.

Mfano mwingine ni chakula cha msaada. Tangu ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamati zilizochaguliwa vijijini ndizo zilipewa kazi ya kuandika kaya zilizo maskini zaidi. Mara nyingi chakula kikifika kwa hao walioandikwa, watu waligawana wote sawasawa. Maofisini hilo huitwa kosa. Mimi naona si kosa tupu. Mjane aliyeandikwa peke yake akala peke yake leo, kesho nani atamwazima maji? Hata hivyo, kama kugawana huko kunamwacha mwenye watoto saba na kilo mbili, ni lazima kikundi kiseme. Sheria nzuri ya msaada ni ile inayoacha nafasi ya watu wa kijiji kukaa chini na kulizungumza, bila kuamua yote Nairobi na bila kumwachia mwenye sauti kubwa.

Wakubwa wa dunia nao wamelikubali jambo hili kwa maandishi. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulisema watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika afya yao. Tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot, iliyofanya kazi kuanzia 2005 hadi 2008, ilisema afya hutengenezwa na hali ambamo watu wanazaliwa, wanakua, wanafanya kazi na kuzeeka, na kwamba hali hizo hutokana na maamuzi ya serikali. Maneno mazuri. Tuone ya hapa nyumbani.

Katiba ya 2010 ilitupa haki ya afya na ikakabidhi huduma nyingi za afya kwa kaunti. Majirani zetu wa Makueni mwaka 2016 walianzisha mpango wa kaya kulipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Mpango kama huo husimama juu ya kuaminiana: aliye mzima analipia mgonjwa, akiamini zamu yake ikifika wengine watakuwa wamelipa. Siku hizi, tangu 1 Oktoba 2024, bima ya taifa ni ile ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF. Kwa mtu asiye na mshahara kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya, na hutozwa ya mwaka mzima, 3,600. Kulipa 3,600 kwa mkupuo ni mlima kwa wengi wetu. Kikundi chenye mzunguko kinaweza kuamua kwamba zamu ya mtu ikifika, sehemu yake ya kwanza ilipe bima. Vikundi vichache tu vimefikiria hivyo, lakini ni jambo la jioni moja kuliamua.

Halafu kuna wahamasishaji wa afya ya jamii, wale tuliozoea kuwaita wahudumu wa kujitolea. Septemba 2023 zaidi ya 100,000 kati yao nchini walipewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa posho. Anayetembelea nyumba zenu ndiye mtu wa kwanza wa kuambiwa macho yakionekana ya manjano, kabla hata ya chifu. Mwalikeni katika kikao cha somo hili. Msimwache atembee peke yake kama askari wa kodi.

Na ghala? Sheria inaitaka kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo wananchi wanapaswa kusikilizwa. Mtu mmoja akisimama katika mkutano wa wadi akasema "tunataka maendeleo", maneno yake yanaisha na upepo. Vikundi vitano vikienda na karatasi moja iliyotiwa sahihi, ikisema tunaomba sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi na ghala la pamoja pale sokoni, tutatoa mchanga, mawe na walinzi wa zamu, hapo kuna jambo la kuandika. Kama kikundi hakijasajiliwa, kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022; watu kumi wanatosha.

MASWALI YA KUJADILI

Msijibu yote. Chagueni mawili yanayowauma.

Msimu uliopita, nani katika utui wetu alivuna kabla ya wakati, na aliogopa nini? Ni nyumba gani ambayo hakuna mtu wa kikundi aliyeingia tangu mvua za mwisho? Nani aliacha kuja kwa sababu ya faini, na anadaiwa kiasi gani? Tungeweza kuanika mahindi ya nyumba zote mahali pamoja na kuyalinda kwa zamu, au kuna kitu kati yetu kinachozuia? Kama kipo, nani anaweza kukitaja bila ugomvi?

Hilo la mwisho huchukua muda. Anayeongoza asiogope kimya.

KAZI YA MIKONO

Sasa leteni ile chupa. Lazima iwe kavu kabisa. Chumvi nayo ianikwe juani kwanza hadi iwe kavu. Jazeni mahindi theluthi ya chupa, wekeni kijiko kimoja cha chumvi, fungeni, mtikise kwa dakika moja au mbili, halafu muiache itulie. Chumvi ikianguka chini yote, mahindi yamekauka vya kutosha kuwekwa ghalani. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15 na ukungu unaweza kuota. Kipimo hiki kinaonyesha unyevu tu. Hakionyeshi sumu, kwa hiyo mahindi yaliyokwisha kuota ukungu yasipimwe wala yasichambuliwe ili kuliwa, hata kama sasa yamekauka.

Kikao kijacho kila mmoja alete konzi tatu za mahindi yake kutoka nyumbani, na mwingine amletee jirani asiye mwanachama ambaye amekubali. Pimeni yote mbele ya wote. Ya mtu yeyote yakishikamana na chumvi, yaanikwe juu ya turubai siku hiyo hiyo, na kabla hamjaondoka mwandike majina ya watakaoyalinda usiku.